Ratiba ya Mwende Imeharibika kwa Simu ya Mama Kyalo

Binti yangu Mwende ametengeneza tovuti ya kanisa letu! Peke yake!

Hamjambo lakini.

Leo nikaringa mbele ya akina mama hapa kwetu Kabati. Nikamwambia Mama Kyalo afungue ratiba ya ibada kwa simu yake.

Woi!

Kwangu inasomeka vizuri. Kwake safu ya mahali pa ibada imebanwa, jina la "Matinyani" limeteremka herufi moja moja.

"Mama Mwende, hii Matinyani imeanguka kwa kisima?"

Wakacheka!

Mwende anasema kila browser, ile programu ya kufungulia tovuti, inakata maneno vile inataka. Akarekebisha ya Mama Kyalo, yangu nayo ikaharibika. Sasa analia.

Isipokuwa sawa Jumapili, pasta atapatia mtu mwingine hiyo kazi.

Nawaomba jamani, mumsaidie kuijaribu kwa simu tofauti. Jumamosi njooni kwangu nyote na simu zenu, hata zile zimepasuka kioo.