Sigara ya Baba Iliwashwa Jikoni

Gari la sigara lilipofika Kibiti mara ya kwanza nilikuwa sijavunja ungo. Lilikuwa na kipaza sauti juu, na msemaji wake akatangaza kuwa kiwanda kimefunguliwa Dar es Salaam, sasa tutavuta sigara ya kwetu wenyewe. Wanaume wakagawiwa mojamoja, bure. Majina yao yote ninayo, hata la dereva, ila siyaandiki. Wengi wako chini ya udongo.

Tangu siku hiyo baba akaacha tumbaku yake ya kusokota. Akawa ananunua sigara ya dukani, moja asubuhi, moja jioni. Kibiriti alikionea uchungu. Basi atakaa barazani aite, "Niwashie!" nami nakimbilia jikoni, naigusisha kwenye kaa la moto, naivuta mpaka ishike. Ikizima njiani, kofi. Nyumba zote za kijijini kwetu Ruaruke zilifanya hivyo, hakuna aliyeona vibaya.

Mimi ule moshi ulinitapisha. Nikamwachia kazi mdogo wangu wa kiume, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa hayajaota upya.

"Vuta mara mbili tu," nikamwambia. "Moja jikoni, moja njiani."

"Nikikohoa?"

"Utazoea. Au wewe mwanamke?"

"Mwanamke si wewe uliyeshindwa?"

Akazoea. Haukupita muda anavuta mara nne, na baba analalamika sigara za dukani siku hizi fupi. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Mdogo wangu alipokuwa kijana akaajiriwa kiwanda kilekile, upande wa kupakia. Akija likizo shati linanuka tumbaku, na wazee wanampokea kama bwana harusi, kwa kuwa mfukoni ana pakiti. Baadaye zikaja mashine mpya, wao wakarudishwa makwao. Akarudi na kifua.

Masika iliyopita nilimpeleka hospitali. Daktari, binti wa bara, akamuuliza, "Babu, sigara ulianza lini?"

Nikatazama sakafu. Wanangu walikuwa palepale mlangoni.

"Kiwandani, mwanangu. Walikuwa wanatugawia."

"Kabla ya hapo?"

"Hata kuishika sijawahi."

Daktari akaandika. Mdogo wangu akanigeukia. "Dada, nipe maji."

Nikampa. Nikajiambia, tukifika nyumbani nitamwomba radhi. Nyumbani tulimrudisha ndani ya sanda.

Matangani kila mtu anasema kiwanda kimemuua. Mimi niko jikoni, nachochea moto, nasikia. Mara kijukuu changu akaingia na sigara mkononi, katumwa na mgeni wa barazani aiwashe. Nikamnyang'anya, nikaitupa yote motoni.

Mwenyewe akaja mbio. "Ah, bibi! Umechoma sigara yangu?"

"Nimechoma."

Akasubiri nimweleze sababu. Nikainama kupuliza moto, mpaka akaondoka.