Vijidudu vya Kisima Chetu

Kisima chetu kimo uani, nyuma ya jiko, na maji yake yana chumvi tangu babu yangu hajazaliwa. Hayanyweki wala hayapikiki chai. Ni ya kuoshea sakafu na kugombana na majirani. Miye muuza leso, na kila kitu nakipima mara mbili. Kisima kile nilikipima mara mbili, na mara zote mbili nikaona haya kukitajia bei.

Kisha mdogo wangu wa kike, aliyesomea elimu ya viumbe chuo kikuu akarudi kukaa nyumbani bila kazi, aliteremsha chupa kwa kamba akapandisha utelezi. Utelezi ule ulikuwa hai, alinieleza. Uliishi gizani, ndani ya chumvi, ukila mawe.

"Kaka, ukitaka kujua kwenye sayari nyingine chaweza kuishi nini, huanzii mbinguni. Waanzia na kitu kama hiki."

"Na hao wa huko juu wavaa leso?"

Akacheka. Siku hizo alikuwa na sababu ya kucheka. Watafiti waliokuwa wakizunguka pwani wakitafuta visima vya namna hiyo walikuwa wameiona chupa yake. Wakamwahidi kuwa kisima kikithibitika, atakisimamia yeye na kusomea shahada ya pili kwa kazi hiyo. Wangekuja Jumanne kuchukua maji wenyewe.

Mama alipouliza wageni waja kuona nini, dada alitafuta Kiswahili chepesi.

"Vijidudu, mama. Kisima chetu kina vijidudu ambavyo kwingine havionekani."

Mama alijifunga leso kiunoni. Kwetu Mji wa Kale, mwanamke akiambiwa nyumba yake ina vijidudu, tena vya aina ambayo majirani hawana, hiyo si sayansi. Ni tusi.

Jumatatu nilikuwa dukani, na dada alikuwa Mwembe Tayari akiwapokea wageni waliokuja kwa basi kutoka bara. Aliwaacha hotelini, akanipitia, tukarudi pamoja. Tangu mlangoni tulinusa klorini, na juu ya klorini, udi. Mama alikuwa ameita mafundi wa visima. Walisugua kuta kwa brashi za waya, wakamwaga dawa ndoo baada ya ndoo.

"Sasa na waje," alisema mama. "Wataaibika wao, si sisi."

Dada aliinama kisimani. Kuta zilikuwa nyeupe kama meno ya bandia. Alimgeukia mama, ambaye leso ilikuwa bado kiunoni na mikono imebabuka kwa dawa.

"Ahsante, mama," alisema. "Umechoka. Kaa."

Asubuhi yake wageni walikuja. Mkuu wao, bibi mmoja mwenye Kiswahili cha ofisini, alinusa kabla hajafungua chupa. Alipima, akapima tena, akafunga sanduku. Nikamvuta kando.

"Mamangu, tupe mwezi. Vitaota."

"Vilichukua miaka mingi sana kufika pale, bwana."

"Basi mitatu. Usishike bei ya kwanza hivyo."

"Hiki si kitambaa. Hata mimi sina wa kupatana naye."

"Na dadangu?"

"Nafasi ilikuwa ya kisima," alisema, na angalau hakunitazama aliposema hivyo.

Nimepatana na watu wagumu, wengine wakiapia watoto wao. Wote walikuwa na mdomo. Vile vitu havikuwa nao.

Wageni walipata kisima kingine, upande mwingine wa kisiwa, na mhitimu mwingine wa kukisimamia. Dada sasa ameajiriwa na kampuni ya kupulizia dawa maghala, huko Mbaraki. Husoma kibandiko cha sumu, huvaa kinyago, huingia. Shahada yake wameipenda sana. Wameitundika ukutani, wateja waione.

Mama hajui kuwa ni dawa yake iliyomkosesha dada nafasi ile. Idi iliyopita, nyumba imejaa jamaa, alikuwa akihadithia tena: "Walikuja na mashine zao, wakatafuta, wakatafuta! Kisimani kwangu hawakupata hata kimoja."

Jamaa wakamsifu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Dada, aliyekuwa ameketi kando yangu mkekani akimimina kahawa, alinifinya paja hadi nikanyamaza.

"Kweli, mama," alisema. "Hata kimoja."