Kinyozi na Kishindo cha Treni

Kinyozi wetu wa stesheni hana simile kwa maneno. Atakunyoa kidevu huku akikupa habari za kila aliyepanda treni asubuhi, na ukisinzia kitini atakuamsha usikose mwisho. Alitokea jiji kubwa, mwendo mfupi tu kwa reli, baada ya mwenye nyumba wake kupandisha kodi mpaka mwenyewe akaona bora ahame na nyembe zake. Hapa akapanga chumba cha mawe kilichokuwa cha kuhifadhia vifurushi enzi za wajenzi wa reli, akatundika kioo, akaanza kazi.

Mlango wake unatazamana na baraza la dada yangu mkubwa, mshonaji, mjane mwenye mkono mwepesi na jicho kali. Katikati kuna kichochoro chembamba, na hapo ndipo ninapouzia chai. Kwa hiyo haya yote niliyaona kwa macho yangu, tena nilikuwa nayatazama kwa makusudi.

Chumba kile hutikisika treni ikipita. Wiki ya kwanza kinyozi alimkata fundi viatu sikio, na tangu siku hiyo akajifunza: honi ikilia, wembe juu, mteja angoje na povu lake. Katika kungoja huko ndipo alipogundua raha yake. Aligeukia mlangoni, akamtazama dada, na kishindo kilipokolea akasema kwa sauti yake yote: "Mshonaji, nataka kukuoa!"

Treni ikiisha kupita, anarudi kwenye kidevu cha watu kana kwamba hakuna kitu. Kesho yake tena. Bwana mwenye maneno ya kugawa mtaa mzima, hilo moja tu lilimshinda kulisema penye utulivu.

Maskini hakujua alikohamia. Sisi tuliozaliwa kando ya reli tunasomana midomo. Mama zetu walitugombeza treni ikinguruma dirishani, hawakungoja ipite, na ole wako ukijifanya hukuelewa. Kwa hiyo mji mzima ulijua. Wateja walianza kuja kunyolewa wakati wa treni, wakaketi na povu shavuni, wakimsoma kiooni, mabega yakiwatetemeka kwa kicheko. Fundi viatu alikuja hata ndevu hana.

"Kwa nini humjibu?" nikamuuliza dada.

"Nimjibu nini? Kwani amesema?" Akakata uzi kwa meno.

Kisha mwanawe aliyeko jijini akamtaka akaishi naye. Dada alimzungusha weee, mwisho akakubali. Nikaitangaza habari hiyo mbele ya mlango wa kinyozi, huku namimina chai polepole ili kila neno limfikie. Siku hiyo treni zilipita, naye akanoa wembe tu, mlangoni hakugeuka. Nilimwonea huruma, kisha nikakasirika. Mficha uchi hazai.

Siku ya safari alijitolea kubeba cherehani. Jukwaa lilijaa kuliko kawaida, na wengi hawakuwa na tiketi. Kabla ya treni ya jijini hupita ya mizigo, nayo ikaonekana inakuja, inanguruma. Kinyozi akaiweka cherehani begani, akavuta pumzi, akafumbua kinywa.

Mara taa ya reli ikageuka nyekundu. Breki zikalia, mabehewa yakagongana, treni ikasimama. Kimya. Ikabaki sauti moja tu jukwaani:

"MSHONAJI, NATAKA KUKUOA!"

Kinyozi alitafuta pa kuuficha uso asipate. Fundi viatu akasema, "Leo umechelewa, bwana. Kwa kawaida ni saa ya chai."

"Mlikuwa... mnajua?"

"Kukuona nimekuona siku nyingi," dada akamwambia. "Nilikuwa nangoja nikusikie."

"Basi umenisikia. Unasemaje?"

Dada akaitazama taa. Ilikuwa imegeuka kijani. Akangoja, mwizi yule, mpaka mabehewa yakaanza kunguruma tena, ndipo akafungua mdomo akamjibu. Jukwaa zima tukapiga vigelegele.

"Kasema nini?" kinyozi akanishika mkono. "Shemeji, kasema nini?"

Kumbe ushemeji kauanza mwenyewe! Nikamwambia nilikuwa natazama kwingine. Fundi viatu akasema macho yake siku hizi hayaoni vizuri.

Treni ya jijini ikaingia, milango ikafunguka. Kinyozi akapiga hatua moja kuelekea behewa, akarudi, akapiga nyingine, cherehani ikimwinamisha bega na jasho likimtoka. Aliponitazama tena nikaona machozi yanamlenga, na kwa mara ya kwanza nikaona aibu kidogo. Dada alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, mikono mapajani, wala hakusogea. Milango ikafungwa. Treni ikaondoka.

Kinyozi akaitazama mpaka ikaishia kwenye kona. Kisha akamgeukia dada, bado hathubutu kupumua.

"Nilisema irudishe cherehani ndani," dada akamwambia. "Twende, utaumia mgongo."