Mwakio Alipoapa Kuacha Pombe

Nakumbuka Jumapili moja hapa Al Rayyan, Qatar, jua la mchana likifanya madirisha yaonekane yanayeyuka, nami bado dereva kijana. Chumba kizima kilinukia mizizi iliyochemshwa. Mwenzetu Mwakio alikuwa kitandani akichuma hewani vitu tusivyoviona, akitabasamu kama mtu anayevuna kunde kwao Taita.

Ijumaa iliyotangulia, mwanangu, alikuwa amesimama mbele ya ushirika wetu wa kanisa kule Mesaimeer akaapa kuacha pombe siku ile ile. Tuliimba weee! Kumbe mwili uliozoea chupa kila siku haukuulizwa. Jumamosi akaanza kutetemeka na kutoka jasho chini ya kiyoyozi. Hospitali? Thubutu! Tuliona tutauharibu ushuhuda wake, watu waseme Mungu ameshindwa, na kazi tuliogopa kuipoteza pia, mwajiri akisikia habari za pombe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tukamchemshia mizizi ya usingizi tuliyopewa zamani na Baba Rajan, jirani yetu wa Kerala kule India, mtoto wa mganga wa mitishamba. Iliposhindwa kumtuliza, tukamwita mzee huyo atuongezee iliyo kali. Alimshika Mwakio mkono, kisha akaichukua sufuria akaimwaga yote.

"Mizizi hii ni ya aliyekwisha kuvuka," alisema kwa Kiarabu chake cha jikoni. "Huyu bado yumo mtoni. Mnangoja ushuhuda wa marehemu?"

Nilikuwa mkubwa wa chumba, na macho yake yalinikalia mimi. Nikapiga simu, gari la wagonjwa likaja. Daktari alitaka kujua alikunywa lini mara ya mwisho na tumemnywesha nini, basi. Alituambia mwili kama ule ukikatiziwa pombe ghafla waweza kushikwa na kifafa, mtu akafa. Wakamtuliza kwa dawa zao, pole pole.

Aliporudi, Baba Rajan akawa anampaka mafuta ya mitishamba kichwani, na chai ya mizizi akampa ile tu aliyoikubali daktari. Nilikuwa nikiitazama mikono ya Mwakio imetulia, nikajihisi niko ndotoni. Nilifurahi, mwanangu, hadi nikalia.

Sasa wewe. Nimekuona asubuhi ukishika kikombe kwa mikono miwili. Usiape kwanza. Twende kwa daktari, umwambie yote unayokunywa, hata majani uliyopewa na rafiki. Mitishamba ina siku yake, na Mungu hapungukiwi utukufu kwa sindano.

Mola akushike mkono, akulaze usingizi wa mtoto aliyeshiba. Na ushuhuda wako uutoe kwa kinywa chako mwenyewe, tusije tukausoma sisi kwenye mazishi yako.