Udongo wa Chini ya Kikapu

Sheria za mpira wa kikapu nilijifunza mwenyewe kwenye simu, nikirudia video zilezile mpaka bando linakata. Ndiyo maana nilipopewa filimbi katika uwanja wetu wa Nyangoto, nilipuliza kila watu walipogusana. Bega likigusa bega, filimbi. Niliogopa mno kuacha kosa likapita. Wachezaji wakachoka. "Mura," waliniita, yaani kijana, "tunacheza au tumepanga foleni?"

Refa mwenzangu alikuwa nesi wa zahanati, aliyeletwa na kazi kutoka Kigoma. Wote tulimwita Sista. Alipuliza mara chache na hakuna aliyembishia. Nilimwonea wivu, kisha wivu ukaisha nikabaki kumshangaa tu.

"Wewe unaangalia mpira," aliniambia. "Mpira haufanyi faulo. Angalia mwanya kati yao. Nani aliwahi pale? Na kule kugusana, kumemnyima mwenzake nini?"

Kabla ya kila mechi alinyunyizia maji udongo wa chini ya kikapu, akaufagia ukawa laini. Nilidhani ni usafi wa manesi.

Halafu akapata uhamisho, ikabaki wiki moja aondoke. Mwenyekiti wa kamati ya uwanja akanipa masharti waziwazi: mechi na kijiji jirani cha Genkuru ndiyo ya kunipima, nikiboronga wanatafuta refa Tarime mjini.

Mechi ikielekea kuisha, Genkuru walituzidi pointi moja. Kijana wetu akapenya, akaruka kufunga. Beki wa Genkuru naye akaruka, mikono juu. Vifua vikagongana. Wetu akaanguka chali, mpira ukagonga ukingo wa kikapu ukatoka.

"Faulo!" Uwanja mzima ulisimama. "Refa, hayo ni macho au vifungo vya shati?"

Filimbi ilikuwa mdomoni tayari, na mashavu yangu yamejaa pumzi. Nikamtafuta Sista, ambaye siku hiyo alikaa kando kama mtazamaji. Hakuniangalia. Alikuwa anatazama udongo.

Nikatazama na mimi. Beki alikuwa amesimama ndani ya nyayo zake mwenyewe, palepale alipoanzia kuruka. Hakumfuata mtu. Ni wetu aliyemwendea.

Nikaitoa filimbi mdomoni. Muda ukaisha, tumefungwa.

Mwenyekiti akaja mbio, amekunja uso. Nikamwonyesha chini kwa kidole. Kijana wetu, bado anajipangusa mgongo, akainama kuziangalia zile nyayo.

"Aah," akasema. "Huyu hajasogea, mzee. Mimi ndiye nimemvaa."

Mwenyekiti akachuchumaa, akazitazama na yeye. Akamgeukia Sista. "Sasa Jumamosi ijayo anapuliza nani?"

Sista akaenda kwenye nguzo, akachukua ufagio wake, akanishikisha.

"Huyu. Ila awahi, udongo huu ukikauka haufagiliki."