Mikono ya Bi Zena

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimesimama katikati ya chumba kinachonukia asali, mikono nimeificha chini ya kanga kama mtoto aliyedokoa nyama. Mbele yangu alikuwa Bi Zena, mfinyanzi wa vyungu wa Kongowe, na mbele yake ilikuwa sanamu yake mwenyewe ya nta. Alikuwa anaitazama mikono ya sanamu ile, nami nilikuwa naomba kimoyomoyo asiitazame sana. Namshukuru Mungu kwamba ombi lile hakunijibu.

Juzi niliwapeleka watoto wa mafundisho ya Komunyo, hawa wa kwetu Kimara, kutembelea makumbusho. Mmoja akaniuliza watu wa nta wanatengenezwaje, na nilipoanza kueleza nikajikuta nacheka peke yangu. Hawakujua nacheka nini. Wewe nitakwambia.

Nilikuwa na umri kama wako. Niliishi Temeke na wazazi wangu, watu wa Masasi, na kwa kuwa baba alikuwa mchonga vinyago, nilikua nikishika vifaa vya kuchongea kabla ya kushika kalamu. Ndiyo sababu nikapata kazi kwenye makumbusho madogo upande wa Kinondoni. Walikuwa wanaandaa chumba kipya cha kazi za mikono za watu wa pembezoni mwa jiji, na katikati ya chumba wakataka sanamu ya nta ya mfinyanzi akiwa kazini. Nilipewa miezi mitatu ya majaribio chini ya Fundi Mapunda, mzee mwembamba wa Songea ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Nikifaa, nabaki. Nisipofaa, narudi Temeke.

Bi Zena alikubali kutengenezewa sanamu kwa sharti moja: aione kabla ya watu wengine, na asipojiona ndani yake, isiwekwe. Fundi alikubali. Siku ya kufungua chumba ilikuwa Jumamosi, na wageni walikuwa wameshaalikwa.

Sasa sikiliza jinsi mtu wa nta anavyopatikana. Kwanza hupimwa kama anayeshonewa suti, ila hapa hupimwa hata nafasi kati ya pua na sikio. Kisha kichwa chake hufinyangwa kwa udongo. Bi Zena alipoambiwa hivyo alipiga makofi. "Kumbe na nyie wafinyanzi wenzangu! Mie nilidhani mna mashine." Udongo ukishafanana na mtu, hufunikwa kwa plasta, ule unga mweupe ambao hospitali humfungia mtu aliyevunjika mguu. Plasta ikishakuwa ngumu hufunguliwa, udongo hutolewa, na kinachobaki ni kalibu, yaani uso wa mtu uliogeuzwa ndani, kama unyayo kwenye matope. Humo ndimo humiminwa nta.

Nta yetu ilikuwa ya nyuki, kutoka Tabora, ikichanganywa na nyingine ngumu zaidi kwa ajili ya joto la huku kwetu. Tuliiyeyusha ndani ya sufuria iliyokaa kwenye sufuria kubwa ya maji ya moto. Unamimina, unasubiri iliyogusa kuta za kalibu igande, halafu unaimwaga ya katikati. Ndiyo maana kichwa cha sanamu hakina kitu ndani. Fundi Mapunda alikuwa akisema anawajua na watu hai wa namna hiyo, ila majina hakutaja. Nyuki walikuwa wanaingia dirishani na kukizunguka kichwa cha Bi Zena, sijui walikuwa wanatafuta jamaa zao.

Macho ni ya kioo, huingizwa kwa ndani. Nywele ndizo kazi. Huchomekwa kwa sindano moja moja, mwanangu, unywele mmoja mmoja. Nilizichomeka zile za mbele zinazochungulia chini ya ushungi kwa wiki mbili, na ili nisichoke nikawa nasali, unywele mmoja Salamu Maria moja. Sidhani kama Dar es Salaam yote kuna kichwa kingine kilichosaliwa rozari kiasi kile, na mwenyewe ni Mwislamu.

Lakini mikono haifinyangwi. Mikono huchukuliwa kwa mtu mwenyewe. Unaipaka mafuta, unaifunika kwa plasta, na nta ikimiminwa humo huleta kila mstari na kila kovu. Kazi hiyo Fundi alinipa mimi. "Tekla," akaniambia, "nenda Kongowe ukachukue mikono ya Bi Zena. Usiwe na haraka naye."

Nilikwenda na mfuko wangu wa plasta. Nikamkuta ameketi uani, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko, anajenga chungu kikubwa cha maji.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo. Hiki nikikiacha sasa kitapasuka."

Nikakaa. Chungu kilipanda polepole, na yeye akikizunguka anaimba. Saa nzima ikapita. Jioni ile nilikuwa na mazoezi ya kwaya, na Jumapili ilikuwa zamu yangu ya kuimba peke yangu. Nilikuwa nimeisubiri zamu hiyo kuliko Krismasi. Nikamwambia Bi Zena nitarudi kesho. Akajibu, "Haya, kesho," bila kuinua macho.

Kesho sikurudi. Nitakwambia kweli, maana ndiyo sababu ya kukuandikia. Niliogopa kukalishwa saa nyingine nzima, nikabaki nyumbani, nikamwita mdogo wangu Roza, nikapaka mikono yangu mafuta, naye akanimiminia plasta. Nilikuwa na mikono mizuri siku zile. Watu walikuwa wakiisifia. Nikajiambia, mikono ni mikono, nani ataikagua? Nilipoipeleka kalibu kwa Fundi akauliza, "Bibi hajambo?" Nikasema, "Hajambo, anakusalimu." Ona jinsi uongo unavyozaa haraka. Nilikuwa na mmoja, na kabla sijaweka mfuko chini nikawa na wawili.

Basi tukafika asubuhi ile niliyoanza nayo, Alhamisi, Bi Zena amekuja kujiona. Alifurahi mno. Aliizunguka sanamu, akaigusa shavu, akasema, "Looh, kumbe mie ni mzuri hivi, na marehemu mume wangu hakuniambia!" Chumba kizima kikacheka. Alikagua ushungi, akakagua mkunjo wa paji la uso, akasema hata chunjua la shingoni lipo. Kisha akashuka kwenye mikono.

Akaweka mikono yake kando ya ile ya nta. Yake ilikuwa na vidole vifupi, vipana nchani, kucha zimelika hadi kwenye nyama kwa kusugua udongo miaka yote. Ile ya nta ilikuwa na vidole vyembamba na kucha kama za bibi harusi. Na kwenye dole gumba la kulia palikuwa na kovu dogo la kuungua, umbo la mbegu ya papai. Kovu hilo nilipewa na pasi ya mkaa, nikiwa darasa la sita. Nta ilikuwa imelichukua kama lilivyo, na mimi nikiwa na haraka zangu sikuliona.

Bi Zena aliinua macho akanitazama. Akazitazama kanga zangu.

"Binti, hebu nishikie mkoba wangu huu."

Ningefanyaje? Nikatoa mkono kuupokea. Akalitazama dole gumba langu, akalitazama la nta, akanitazama usoni.

"Fundi," akasema kwa upole, "kazi ni nzuri sana. Ila mikono hii bado. Naomba huyu binti aje kwangu leo hii tuichukue tena."

"Ilikosewa?" Fundi akauliza.

"Atakueleza mwenyewe," akasema Bi Zena, akauchukua mkoba wake, akatangulia mlangoni.

Njia nzima hadi Kongowe hakuligusia jambo lile. Alizungumzia bei ya kuni na ukaidi wa mbuzi wa jirani. Tulipofika nikampaka mafuta mikono yote miwili, nikamkalisha kwenye mkeka, nikamimina plasta. Basi hujui, mwanangu, plasta ikianza kushika hupata moto. Bi Zena akaruka.

"Wee! Mbona inachemka? Mnanipika?"

"Tulia Bibi, itapoa."

"Itapoa lini, mie nimeshaiva!"

Alicheka mpaka nikaogopa kalibu itapasuka. Halafu pua ikaanza kumwasha, na mikono imefungwa. Nikamkuna. "Juu kidogo. Kushoto. Hapo hapo, Mungu akupe mume." Jirani yake Bi Mwajuma akapita uani kuomba moto, akamwona mwenzake amekaa na matofali mawili meupe mapajani.

"Zena, umevunjika yote miwili?"

"Nimevunjika nini, natolewa kopi!"

Bi Mwajuma alipokwenda zake, tukabaki wawili, tunasubiri plasta ikaze. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza, "Bibi, kwa nini hukunisema mbele ya Fundi?"

Akajibu, "Kwani ule uongo niliusema mie? Wewe ndiye uliyeusema, kinywa unacho, utautoa mwenyewe." Kisha akaongeza, na maneno haya ninayo mpaka leo: "Mwanangu, uso huu nilipewa tu, nimezaliwa nao. Mikono hii nimeitengeneza mwenyewe, miaka arobaini, kwa udongo. Wanangu watano wamesoma kwa mikono hii. Ungeninyima uso ningekusamehe pale pale. Umeninyima mikono, ndiyo maana nimekuleta mpaka huku."

Nililia. Akashindwa kunifuta machozi kwa sababu ya matofali yale, akanifuta kwa bega.

Usiku sikula. Asubuhi ya Ijumaa nilimkuta Fundi Mapunda anakoroga nta. Nikampigia magoti, nikamweleza yote: kwaya, Roza, salamu za uongo. Nilimaliza nikisema, "Najua kazi sina tena."

Akapunguza moto, akaketi.

"Unajua, Tekla, mikono ile niliitilia shaka siku uliyoileta. Nikajiuliza, bibi wa miaka sitini, mfinyanzi, kucha hizi amezipata wapi? Nikatoa miwani nikaifuta. Nikasema ni macho yangu yamezeeka, maana huyu binti hajawahi kunidanganya."

Mwanangu, nimesemwa na wengi maishani. Nimefokewa na mama, na masista wa shule, na marehemu mume wangu Mungu amrehemu. Hakuna maneno yaliyonichoma kama yale yaliyosemwa bila hasira. Mtu aliyanyima imani macho yake mwenyewe ili aniamini mimi.

Kisha akaniambia nivunje mikono ile kutoka kwenye sanamu. Nikaivunja. Nikauliza niitupe wapi. Akashangaa. "Uitupe? Hiyo ni nta. Rudisha kwenye sufuria."

Nikaitia. Nikasimama pale nikiangalia vidole vyangu vizuri vinalegea, kucha zinapotea, lile kovu linayeyuka na kutawanyika, mpaka ikabaki nta tu, ya dhahabu, inanukia asali kama siku ilipotoka Tabora. Nta ile ile nikaimimina kwenye kalibu ya Bi Zena. Nilipoifungua alasiri ikatoka mikono ya kweli, mipana, iliyolika. Nikaipaka rangi hadi saa ya kufunga, nikaibusu kabla ya kuiunganisha. Fundi aliniona akajifanya anatafuta bisibisi.

Jumamosi Bi Zena alikuja na mtaa wake, kina mama wa Kongowe wamejaa chumba kizima. Bi Mwajuma alikwenda moja kwa moja kwenye sanamu. "Zena, mbona umeniacha njiani? Zena! Unaringa siku hizi?" Bi Zena akamgusa mgongoni kutoka nyuma, na mama yule alipiga yowe lililosikika hadi barabarani. Vigelegele vikafuata. Wajukuu wakakaa chini mbele ya sanamu, na mmoja wa kike, mdogo kabisa, akaweka kiganja chake juu ya kiganja cha nta akasema, "Hii ya bibi." Bi Zena akanitafuta kwa macho kati ya watu wote wale, akatikisa kichwa mara moja kukubali. Kazini nilibaki, miaka ishirini na sita.

Basi haya ndiyo ninayotaka uyashike. Ukitumwa kwa mtu, mfikie. Ukimkuta katikati ya chungu chake, kaa umsubiri hadi amalize, hata kama wewe una kwaya. Hakuna ibada iliyopotea kwa sababu uliketi ukimsubiri mzee. Ukichukua sura ya mtu, kwa nta au kwa simu hizi mlizo nazo, chukua na kazi yake, usimpambe kwa vitu vyako. Na ukikosea, ukaseme wewe mwenyewe, mapema, kwa yule uliyemdanganya. Usidhani umeharibika moja kwa moja. Mungu aliyetufinyanga hatutupi tukitoka vibaya. Anaturudisha kwenye moto wake, naye ni mpole, na nta ni ile ile.

Na nenda makumbusho, mwanangu. Wapeleke na wadogo zako. Mkisimama mbele ya watu wale wa nta, msiishie usoni. Inameni mtazame mikono.

Mungu akupe mikono ambayo wajukuu wako wataitambua bila kuambiwa jina. Akupe mkubwa wa kazi mwenye subira, na rafiki wa kukufuta machozi kwa bega pale mikono yake isipokuwa huru. Akulinde utokapo na uingiapo, na furaha isikose nyumbani kwako. Amina.