Shamba Ndani ya Uzio

Kampuni ya umeme wa jua ilipofika upande wa barabara ya Kambove, majirani zetu wote wa mashambani walikubali kuhama. Mama yangu alikataa. Sehemu ambayo kampuni ilitaka kumpa badala yake ilikuwa mawe matupu, na mihogo yake ilikuwa haijakomaa. Hawakubishana naye. Walizungushia uzio eneo zima, wakasimamisha vioo vyao vya kunasa jua pande zote, shamba letu likabaki katikati.

Tangu hapo tuliingia kwa mlango mmoja wa chuma. Tulitoka Kikula asubuhi, tukasimama pale kama wageni, mama na jembe lake begani, mpaka mlinzi atufungulie.

Siku moja alasiri wingu zito lilitanda. Tulifunga mihogo haraka, tukaenda mlangoni. Kufuli. Kibanda cha mlinzi kilikuwa kitupu. Niliita mpaka koo likakauka. Tukafuata uzio tukitafuta upenyo, hatukuona hata pa kupitisha beseni. Ng'ambo ya waya, karibu kabisa, watu walikuwa wanarudi makwao.

Mwanamke aliyewahi kulima jirani yetu alituona, akasimama.

"Mama, munafanya nini humo?"

"Wametufungia," mama akamjibu. "Utuitie sentinele, ule mulinzi wa mulango."

Akatua mzigo wake, akakimbia kuelekea kijijini alikokaa mlinzi.

Mvua ikaanguka. Nilimvuta mama tujikinge chini ya vioo, akagoma.

"Miye siingie chini ya ile kitu. Iko na umeme, itatuua."

Basi nikakaa naye mvuani, nimemshika mkono. Ulikuwa mwepesi. Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa: akianguka hapa, nitampitisha wapi?

Mlinzi alikuja mbio, amelowa.

"Pardon, mama. Nilizania mulishaenda."

"Mutoto wangu, na kama tungekufa humu?"

Alifungua, akajitwika mihogo yetu mpaka barabarani.

Kesho yake nilikwenda kwa chifu kuomba tuachiwe njia. Akanituma kwa kampuni. Kampuni ikanirudisha kwa chifu, eti ndiye aliyewapa ardhi. Nilipouliza umeme wenyewe unakwenda wapi, niliambiwa mgodini. Kwetu Kikula bado tunapika gizani.

Tulipong'oa mihogo ya mwisho, nilimwomba mama tuache.

"Tukiacha musimu moja tu," akasema, "watasema haina mwenyewe. Na weye utalima wapi?"

Wiki ile ile tulibeba pingili za kupanda, tukasimama tena mbele ya mlango wa chuma. Mlinzi alikuwa mwingine, asiyetujua. Alitutazama kutoka ndani, ufunguo mkononi, akatuuliza tunatafuta nini humo.